TOUGH+HYDRATE: Programu Isiyolisahau Joto

Anayetaka kukadiria kiasi cha gesi kitakachotoka katika tabaka la haidreti ya methani hawezi kutegemea hesabu za visima vya gesi vya kawaida, kwa sababu gesi hiyo imefungwa ndani ya kitu kigumu mfano wa barafu, ambacho mita moja ya ujazo ikivunjika hutoa takriban mita za ujazo 164 za gesi, pamoja na maji. Kwa kazi hiyo ninatumia TOUGH+HYDRATE, programu ya maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani iliyoandaliwa chini ya George Moridis, na sijaona nyingine ninayoiamini zaidi.

Ninaiamini kwa jinsi inavyolishughulikia joto. Shinikizo linaposhushwa kisimani haidreti huvunjika, lakini kuvunjika huko hunyonya joto la mchanga unaoizunguka. Tabaka hupoa, uvunjikaji hupungua kasi, na pengine haidreti mpya au barafu halisi huganda karibu na kisima na kuziba njia ileile iliyokuwa ikipitisha gesi. Programu hii hukokotoa mwendo wa gesi, maji na joto kwa pamoja, wala haisahau chumvi, ambayo huzimuliwa na maji matamu yatokanayo na haidreti. Mtumiaji anaweza kuuchukulia mmenyuko wa kuvunjika kwa haidreti kuwa uko katika msawazo, jambo linalotosha kwa uzalishaji wa miaka mingi, au akaupa kasi yake, kama inavyohitajika kwa sampuli ndogo za maabara.

Haina madirisha ya kubofya: kila kitu huandikwa katika faili la maandishi, na kosa dogo la nafasi laweza kuharibu kazi ya siku nzima. Gridi, yaani mgawanyo wa tabaka katika vipande vya kukokotolea, nayo inataka uvumilivu. Mwanzoni nilitumia vipande vipana karibu na kisima ili kompyuta imalize mapema, nikapata mtiririko mzuri wa gesi ambao haukuwa na ukweli wowote, kwa kuwa kuganda upya hutokea katika umbali mdogo ambao vipande vile viliumeza.

Upungufu unaonisumbua zaidi ni kwamba, ikiwa peke yake, programu hii haihesabu jinsi ardhi inavyolegea haidreti inapotoweka. Jaribio la Japani la kuzalisha gesi ya haidreti katika bonde la bahari la Nankai, Machi 2013, lilikoma baada ya siku sita kwa sababu ya mchanga kuingia kisimani. Watafiti huiunganisha na FLAC3D ili kupata mabadiliko ya ardhi, lakini hiyo ni programu nyingine ya kununua na kujifunza.

Mwanafunzi asiye na leseni aanze na HydrateResSim, ndugu yake iliyotolewa bure pamoja na msimbo wake wa Fortran. Atengeneze kwanza kisima kimoja katika tabaka moja, akibadilisha upenyezaji pekee (wepesi wa tabaka kupitisha gesi na maji), na asihamie kwenye gridi kubwa kabla hajaweza kueleza kila mahali joto lilipokwenda.