Probu ya WHO kliniki ya meno Mtwara: uzoefu wangu

Ukianza kazi ya meno huku Mtwara na fedha ya vifaa ni ndogo, nunua kioo, kisha probu ya WHO (Shirika la Afya Duniani), yaani kijiti chembamba cha chuma cha kupimia kina kati ya jino na ufizi. Ncha yake ni kitufe cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 0.5. Juu yake kuna mkanda mweusi unaoanzia milimita 3.5 hadi 5.5, na zipo zenye alama za ziada kwenye 8.5 na 11.5. Mimi napenda zaidi kile kitufe: hakitoboi kirahisi sakafu ya mfuko wa fizi (nafasi kati ya jino na ufizi), na kikipita juu ya ugaga, uchafu uliogandamana, uliojificha chini ya ufizi unausikia kwenye vidole kabla hujauona.

Kwa uchunguzi wa haraka sina kifaa kinachoishinda. Gawa kinywa mafungu sita, acha magego ya namba 8, yale ya mwisho kabisa, zungusha probu kila jino, kisha andika alama moja tu kwa kila fungu, ile ya juu kabisa. Mkanda wote unaonekana na damu haitoki, hiyo ni 0. Damu ikitoka, 1. Ukikuta ugaga, au jino lililozibwa likaachwa na ukingo uliotokeza, 2. Mkanda ukizama sehemu, 3: mfuko una milimita 4 au 5. Ukizama wote ni 4, yaani milimita 6 kwenda juu. Ncha ikiingia kwenye panda ya mizizi, pale mizizi ya jino inapogawanyika, ongeza nyota. Fungu lililobaki na jino moja haliandikwi peke yake. Msimu wa malipo ya korosho, wale waliokuwa wakiahirisha wanapojitokeza, dakika chache hizi zinaokoa foleni.

Nguvu ya mkono iwe gramu 20 hadi 25. Bonyeza ncha juu ya mizani ndogo ya dijitali mpaka mkono uzoee. Ukizidisha, ncha inapenya nyama iliyovimba, unasoma kina kisichokuwepo, na damu inatoka hata kwenye ufizi mzima. Na usikimbilie kuandika 0. Damu nyingine hutokea baada ya sekunde 10 hadi 30.

Tatizo kubwa linaanza pale mtu anapoigeuza ile alama kuwa jina la ugonjwa. Probu hii inapima kina kuanzia ukingo wa ufizi, haikuambii ufizi wenyewe umeshuka kiasi gani. Chukua mzee ambaye ufizi umerudi nyuma milimita 4 na mfuko wake una milimita 3. Mkanda unaonekana wote, alama haipiti 2, anasafishwa na kurudishwa nyumbani. Jumlisha: amepoteza mshiko wa milimita 7, yaani tishu zinazolishikilia jino. Upotevu huo ukiwa kati ya jino na jino, katika mfumo wa kuainisha magonjwa ya fizi uliokubaliwa Chicago mwaka 2017 na kuchapishwa 2018, hiyo ni periodontitisi (ugonjwa unaokula tishu na mfupa unaoshika jino) ya hatua ya III, au ya IV kama ugonjwa umeshamng'oa meno 5 au zaidi. Kinyume chake kipo pia. Mgonjwa wa presha anayetumia amlodipine anaweza kuvimba fizi mpaka mkanda uzame wote, kumbe ufizi ndio uliopanda juu ya jino na mfupa haujaguswa. Mvutaji sigara naye fizi zake hutoa damu kidogo, hivyo kukosa damu kwake si dalili ya afya.

Kwa hiyo penye 3 na 4, na popote ninapoona mizizi iko wazi, naiweka chini probu ya WHO na kushika UNC-15, probu nyingine yenye alama kila milimita hadi 15. Napima sehemu sita kwa kila jino, naandika kina na ufizi ulivyoshuka, kisha eksirei. Daraja la kasi ya ugonjwa, A hadi C, nalipata kwa kugawa asilimia ya mfupa uliopotea kwenye jino lililoathirika zaidi kwa umri: asilimia 60 kwa mtu wa miaka 50 ni 1.2, na inayozidi 1 ni daraja C. Chini ya 0.25 ni A, katikati ni B. Kisukari chenye HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache) ya asilimia 7 au zaidi, au sigara 10 na kuendelea kwa siku, vinampandisha hadi C.

Kuhusu uimara, zile za bei ya chini zina mkanda wa rangi tu, na rangi ikifutika huwezi tena kutofautisha 3 na 4. Tafuta iliyochongwa alama, na ilinganishe na rula ya chuma kabla ya kulipa. Usiilaze kwenye maji ya klorini, yanakula chuma. Osha kwa sabuni, suuza, kausha kabisa, kisha otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) nyuzi 134 kwa dakika 3 au 121 kwa dakika 15. Ncha ikipinda hata kidogo, itupe.