Makaburi ya Mabaharia, Kisiwa cha Chapwani

Kwa mpenda historia, safari ya Chapwani, kisiwa kidogo karibu na Mji Mkongwe wa Unguja, inastahili kabisa. Boti zipo ufukweni Forodhani. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla ya kupanda, la sivyo nahodha atakuharakisha. Wakati wa bamvua (siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu), maji yakipwa boti hutia nanga mbali, basi vaa viatu vya mpira.

Makaburini humo wamelala mabaharia wa HMS Pegasus, meli ya Uingereza iliyopigwa mizinga na Königsberg ya Wajerumani bandarini Unguja, alfajiri ya 20 Septemba 1914. Yumo pia Kapteni Charles Brownrigg wa HMS London, aliyeuawa 1881 akipambana na jahazi la watumwa.

Njoo na tochi: imulike herufi zilizofifia kwa ubavu, kivuli kitazitoa. Tafadhali usisugue jiwe kwa brashi ya waya wala asidi. Chumvi ya bahari yatosha kulila. Kwenye kuta za mawe na chokaa, kiraka cha saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, ukuta ukamomonyoka pembeni mwake. Anayekarabati atumie chokaa, hata kama hukauka polepole.