Fishi ya SAED kwenye wodi za Bukavu: inafaa, mradi E na D zisiachwe tupu

SAED ni fishi fupi ya kupashana habari za mgonjwa: Situation (hali ya sasa), Antécédents (historia), Évaluation (tathmini), Demande (ombi). Mamlaka ya afya ya Ufaransa, HAS, iliitoa mwaka 2014 kwa kufuata SBAR, fishi kama hiyo ya Kiingereza. Nusu ya karatasi ya A4 inatosha, na penye mashine ya fotokopi, mitaani Bukavu kama Nyawera au Kadutu, utaitolea nakala. Umeme ukikatika usiku, fishi bado inasomeka kwa tochi.

Faida yake kubwa ni kwa A2, muuguzi wa diploma ya sekondari. Ametoka ITM (shule ya sekondari ya uuguzi), mara nyingi ana umri mkubwa kuliko A1, muuguzi wa daraja la juu yake, aliyemaliza ISTM (chuo cha juu cha tiba) juzi, na ndiye anayekaa karibu na kitanda. Lakini penye madaraja, wengi wao husema namba tu, maoni wanayameza. Herufi E inamtaka aseme anachofikiri, D inamtaka aombe kitu. Hapo ndipo heshima inapopimika: je, anayepokea anasikiliza hadi D kabla ya kuuliza?

Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali. S: «Kitanda cha 4, amelegea, haitiki vizuri tangu 05h30.» A: «Artesunate miligramu 36 (3 kwa kilo) ilidungwa 20h00, ya pili ni 08h00.» E: «Glisemia (sukari ya damu) 38 mg/dl, nafikiri fahamu inapungua kwa sababu ya sukari.» D: «Dokta, naomba ruhusa ya glukozi 10%, mililita 60, sasa hivi, na uje umuone.» Dakika moja haiishi. Anayepokea arudie: «Glukozi 10%, mililita 60, mshipani, sasa.» Bila kurudia, namba inaweza kusikika vibaya.

Tazama pia hiyo dozi ya 08h00: inaangukia palepale zamu zinapobadilishana. Kila mmoja anadhani mwenzake ameshadunga. Mbaya zaidi, anayeondoka anachanganya dawa na kuiacha kwenye sinia, ilhali artesunate ikishachanganywa inatakiwa itumike ndani ya saa moja. Andikeni kwenye D jina la atakayedunga. Saa iandikwe 08h00 au 20h00, kwa maana «saa mbili» peke yake inachanganya asubuhi na usiku.

Kinachoharibu fishi tumekiona mara nyingi. A inajazwa faili zima, S inapotea ndani yake. D inaandikwa «kufuatilia», neno lisilomwambia mtu afanye nini, saa ngapi. E inaachwa tupu kwa sababu mkubwa wa wodi aliwahi kumjibu A2 mbele ya wagonjwa kwamba kufikiri si kazi yake. Jeraha hilo karatasi haiponyi. A1 au A0 (muuguzi mwenye digrii) anayeongoza zamu ndiye anapaswa kumuuliza A2, kwa upole: «Mama, wewe unaonaje?», kisha ajibu hoja yenyewe, bila kutazama diploma.

Kasoro ya fishi yenyewe ni moja, na si ndogo: haina mahali pa wanaosafisha wodi wala mama anayelinda mgonjwa. Ndio wanaoona mkojo umekuwa mweusi, au mtoto amekataa uji tangu jana. Ongezeni mstari mmoja chini ya S: «Nani aliona, saa ngapi.» Wanastaji (wanafunzi walio kwenye mazoezi) nao waijaze, lakini muuguzi wa zamu asaini baada ya kwenda kitandani.

Tunaipa alama nne kwa tano. Kwa kituo kidogo chenye wauguzi wawili zamu moja, S na D zinatosha wakati wa dharura. A na E zijazwe mgonjwa akitulia. Msianze wodi nzima kwa siku moja: anzeni na watoto na mama waliojifungua, kwani hao hali yao hubadilika upesi.