Kabati Linalokaa Mahali Pake: Vifaa vya Uhalisia Ulioongezwa kwa Mnunuzi wa Nairobi

Ninatengeneza samani kando ya Barabara ya Ngong, na swali ambalo wateja wameniuliza kwa miaka yote ni lile lile: "Fundi, hilo kabati litaenea kwangu?" Tepu hujibu nusu tu ya swali hilo. Inatoa urefu na upana, lakini haimwonyeshi mteja kama mlango wa chumba cha kulala utafunguka vizuri, wala kama sebule itabaki na njia ya mtoto kupita. Ndiyo sababu nimetumia sehemu kubwa ya mwaka huu kujaribu vifaa vya uhalisia ulioongezwa, yaani teknolojia inayochora kitu kisichokuwapo juu ya mandhari halisi unayoyatazama, hadi kikaonekana kimesimama chumbani pamoja nawe. Kimoja nimekinunua, kingine nimeazimwa, na vingine nimevijaribu madukani katikati ya jiji. Ninavipima vyote kwa jambo moja: je, kitu nilichokiweka kinakaa pale nilipokiweka?

Wauzaji wengi huitangaza teknolojia hii kama mchezo, na tangu Pokémon Go ilipotoka mwaka 2016 si rahisi kuwalaumu. Hata hivyo, jina lenyewe lilizaliwa karakanani. Tom Caudell, mtafiti wa kampuni ya Boeing, ndiye anayetajwa kuwa alilibuni mwaka 1990, alipokuwa akitafuta namna ya kuwasaidia wafanyakazi waliopanga nyaya za ndege juu ya mbao kubwa za plaiwudi kwa kufuata michoro. Alitaka mchoro uonekane juu ya ubao wenyewe, mahali hasa waya unapopita. Haja yangu ni hiyo hiyo, isipokuwa badala ya ndege mimi nina makabati.

Nianze na simu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote sokoni. Mwaka 2017 Apple ilitoa ARKit, Google ikatangaza ARCore, yaani vifurushi vya programu vinavyoipa simu uwezo wa uhalisia ulioongezwa, na kuanzia hapo simu ya kawaida ikaweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji simu maalumu yenye kamera za kupima kina. Mwaka huo huo IKEA ilitoa programu ya kumwezesha mteja kuweka kochi la picha sebuleni mwake kwa vipimo halisi. Utendaji wake unaeleweka bila elimu kubwa. Kamera hutafuta alama zenye utofauti wa mwanga na giza, kama vile kona ya zulia, mshono wa mbao au doa la ukutani, kisha huzifuata alama hizo huku gairoskopu na kipima mwendo vikieleza jinsi simu inavyogeuka na kusogea. Taarifa hizo mbili zikikubaliana, simu hujua iko wapi chumbani, na kabati hutulia.

Zisipokubaliana, hutokea kile kilichonipata katika mtaa wa Donholm. Mteja wangu, mama mwenye nyumba mpya, ana sebule ya vigae vyeupe vinavyong'aa na kuta nyeupe, kama zilivyo nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi. Nilimwekea kabati la televisheni la sentimita 180, nikampa simu azunguke nalo. Alipofika upande wa dirisha akasimama. "Fundi, mbona kabati linatembea?" Nilipotazama, lilikuwa limeteleza karibu nusu mita kuelekea jikoni, na ubavu wake mmoja umezama ukutani. Sakafu haikuwa na alama ya kushikika, na ule mng'ao wa dirisha juu ya vigae ulikuwa ukihama kila alipohama, kwa hiyo simu ilikuwa ikifuata kivuli cha mwanga. Nilimwomba leso. Alileta moja yenye maua mekundu na pindo jeusi, tukaitandaza sakafuni, tukaanza upya. Safari hii alizunguka mara mbili na kabati halikusogea. "Sasa limetulia, baba," akasema, kisha akainama kutazama kona yake ya chini kana kwamba anatafuta vumbi. Tangu siku ile ninatembea na leso ndani ya mkoba wa zana.

Mwanga nao una uzito wake. Stima ikikatika jioni, simu isiyo na kihisi cha kina hupotea kabisa, hata kama wewe mwenyewe bado unaona vizuri. Hapo ndipo simu zenye lida zinapostahili sifa. Lida ni kihisi kinachorusha miale ya leza isiyoonekana na kupima muda inaochukua kurudi. Apple ilikiweka kwenye iPad Pro ya mwaka 2020, kisha kwenye iPhone 12 Pro na simu za Pro zilizofuata. Katika sebule ile ile ya Donholm, simu ya namna hiyo iliipata sakafu mara moja bila leso. Nilipolinganisha vipimo vyake na tepu juu ya ukuta wa mita mbili, tofauti ilikuwa kama sentimita moja; simu yangu ya kawaida ilikosea kwa sentimita nne au tano. Kwa kumwonyesha mteja, sentimita tano zinavumilika. Kwa kukata mbao hazivumiliki, nami sijawahi kukata ubao kwa kipimo cha simu.

Anayetaka kununua simu ya Android kwa kazi hii asidanganywe na idadi ya kamera zilizopangwa mgongoni. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa hazina gairoskopu, na bila gairoskopu hakuna la kuongeza. Google huchapisha orodha rasmi ya simu ilizozithibitisha kwa ARCore, na simu mbili za chapa moja, zinazofanana kwa sura, zinaweza kutofautiana, moja ikiwa ndani ya orodha na nyingine nje. Soma namba kamili ya toleo kwenye boksi na uitafute katika orodha hiyo ukiwa bado umesimama kaunta, kabla hujatuma pesa.

Kuhusu miwani, nina jambo la kuwaonya wanunuzi wenzangu. Katika duka moja karibu na Luthuli Avenue niliuziwa miwani niliyoambiwa ni ya uhalisia ulioongezwa kamili, kwa fedha ambazo zingenunua mbao za makabati mawili. Nilipoifikisha karakanani nikagundua kwamba ni skrini. Huchomekwa kwenye simu kwa waya, hupata umeme na picha kutoka humo, na huonyesha televisheni kubwa ikielea mbele ya macho. Ukigeuza kichwa televisheni inageuka nawe. Zaidi ya hayo, simu yangu haikuweza kutoa picha kupitia tundu la chaji, jambo ambalo muuzaji hakuniuliza na mimi sikujua kuliuliza. Niliirudisha siku ya pili, nikapewa nusu ya fedha na nusu katika bidhaa, kwa maelezo kwamba boksi lilikuwa limefunguliwa.

Sisemi kwamba miwani ya aina hiyo haina thamani. Xreal Air, kwa mfano, ina uzito wa gramu 79 na humpa kila jicho skrini ndogo ya pikseli 1,920 kwa 1,080, na kwa mtu anayetaka kutazama filamu akiwa ndani ya basi la Mombasa usiku, hiyo ni skrini nzuri mno. Lakini uwanja wake wa kuona, yaani ukubwa wa eneo ambalo picha huonekana mbele ya macho, ni nyuzi 46, na mingi ya miwani ya kundi hili hutambua kwamba kichwa kimegeuka bila kutambua kwamba umepiga hatua. Kabati la kuzunguka haliwezekani humo. Muuzaji anayeheshimu wateja wake angeiita miwani ya skrini, na ningeinunua au kuiacha kwa jina hilo.

Vifaa vya kuvaa kichwani vinavyofunika macho na kuonyesha chumba kupitia kamera vilinishangaza kwa upande mwingine. Rafiki yangu anayefanya kazi ya video aliniazima kimoja kwa wiki moja. Nilisimamisha kabati katikati ya karakana, nikatoka nje kunywa chai, nikarudi, nikalikuta pale pale, mguu wake wa nyuma ukiwa kando ya ule msumari uliochomoza sakafuni nilioutumia kama alama. Kwa kipimo changu, hakuna kilicholishinda kundi hili. Meta Quest 3, iliyotoka Oktoba 2023, ina kihisi cha kina na uwanja wa kuona wa nyuzi 110 kwa upana. Ilianza kwa dola 499.99, nayo Quest 3S ikafuata mwaka 2024 kwa dola 299.99. Kwa dola moja kuwa karibu shilingi 129, hizo ni kama shilingi 64,500 na 38,700, kabla ya usafiri, ada za forodha na VAT ya asilimia 16. Vile nilivyoviona katika maduka ya hapa vililetwa na wafanyabiashara binafsi, hivyo uliza mapema ni nani atakayebeba jukumu kifaa kikiharibika.

Tatizo langu na kundi hili ni binadamu anayekivaa. Quest 3 ina gramu 515. Apple Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 2 Februari 2024 kwa dola 3,499, ina zaidi ya gramu 600 hata baada ya betri yake kuwekwa kando kwa waya. Wateja wangu wengi ni akina mama waliosuka nywele vizuri au waliovaa mtandio, na hakuna aliyefurahia kufungwa mikanda kichwani na fundi. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Kijana, nionyeshe tu kwa simu." Kwa hiyo kifaa hiki kina nafasi kwenye chumba cha maonyesho chenye kiti, kioo na mtu wa kusaidia, si mlangoni mwa nyumba ya mteja.

Kuhusu miwani mepesi yenye uwezo kamili, ile tunayoingoja sote, bado haijafika kaunta. Meta ilionyesha Orion Septemba 2024 ikiwa na takriban gramu 98 na uwanja wa nyuzi 70, lakini hicho ni kielelezo cha maabara kisichouzwa. Meta Ray-Ban Display iliyoingia soko la Marekani mwaka 2025 kwa dola 799 ina skrini kwenye jicho la kulia pekee, na maandishi yake hufuata kichwa cha mvaaji badala ya kukaa juu ya meza au ukuta.

Soko lenyewe pia ninalipima kwa swali la kukaa mahali pake, na hapa matokeo yananitia wasiwasi kuliko vigae vya Donholm. Google Glass ilianza kuuzwa kwa dola 1,500 mwaka 2013, ikaondolewa kwa wateja wa kawaida mwaka 2015, ikarudi viwandani, na mwaka 2023 ikafungwa kabisa. HoloLens 2, kifaa cha kuvaa kichwani cha Microsoft, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa dola 3,500, ilikoma kutengenezwa mwaka 2024. Januari 2025 Meta ilifunga jukwaa lake la Spark, na athari za picha walizozitengeneza watu wa nje kwa ajili ya Instagram na Facebook zikaondoka pamoja nalo. Hizo zilikuwa kampuni zenye fedha nyingi kuliko serikali nyingi. Fundi aliyeweka michoro yake yote ndani ya jukwaa moja kati ya hayo angeanza upya.

Kwa sababu hiyo ninawasihi mafundi na wenye maduka watumie fedha zao kwanza kwenye michoro, si kwenye miwani. Mimi huchora kwa Blender, programu ya kuchora maumbo ambayo ni ya bure, na huhifadhi kila kabati katika muundo wa faili uitwao glTF, ambao ni wazi na haumilikiwi na kampuni moja. Kwa Android faili hiyo hufunguka moja kwa moja kutoka kwenye kiungo, na kwa iPhone ninatoa nakala ya USDZ, muundo wa faili ambao simu hizo huufungua. Mteja hupokea kiungo kwa WhatsApp, anabonyeza, anaelekeza kamera sakafuni. Kabati langu zito zaidi lina megabaiti nne, nami hulipunguza kila ninapoweza, kwa kuwa bando ni la mteja. Kesho ikija miwani ya gramu 40, faili hizi hizi zitaingia humo.

Sharti moja ninalojiwekea linahusu kamera. Kila kifaa nilichokitaja huitazama nyumba ya mtu ili kifanye kazi, na baadhi huitengenezea ramani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze anazikusanya kwa nini, nami naona fundi hapaswi kusubiri kukumbushwa na ofisi yoyote. Ndiyo maana ninapendelea mteja atumie simu yake mwenyewe: sebule yake hubaki kwake, na mimi hubaki na kabati. Pale ninapolazimika kutumia simu yangu, humweleza kabla ya kuifungua, hupima, na kufuta picha mbele yake kabla sijakunja leso.