Avenue Verte kutoka Dieppe: siku tatu za baiskeli kwa anayetoka Nairobi

Matangazo huiuza Avenue Verte kama njia ya baiskeli kutoka London hadi Paris, iliyozinduliwa mwaka 2012. Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kuendesha polepole siku chache tu, njia nzima haifai. Inadai visa mbili, ya Uingereza na ya Schengen. Ina zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa yake ni barabara ndogo zinazopita magari. Kipande cha kununua ni kile cha kutoka bandari ya Dieppe, pwani ya Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, hadi mji wa Forges-les-Eaux: kilomita 50 na kitu, ambapo takriban 45 ni njia ya lami isiyoruhusu magari, iliyowekwa juu ya tuta la reli iliyoachwa. Hicho ndicho tunachopima hapa, pamoja na treni, baiskeli za kukodi na malazi, kwa sababu njia bila hivyo vitatu ni lami tu.

Gari-moshi haliwezi mlima mkali, na hapo ndipo raha ya njia hii ilipo. Kutoka Dieppe hadi Forges unapanda takriban mita 150, lakini zimetandazwa katika kilomita hizo zote hata jicho halizioni. Aliyezoea kupanda kutoka Ruaka kwenda Limuru ataona kama mzaha. Hata hivyo, gia iliyokuwa nyepesi asubuhi itakuwa nzito kidogo mchana, na wengi hulaumu baiskeli. Shusha gia moja, endelea. Pumzi nayo haina shida: unatoka karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari kwenda kwenye usawa wenyewe. Kitakacholalamika ni makalio, na siku mbaya ni ya pili, kwa hiyo kaptula yenye sponji ni muhimu kuliko viatu maalumu.

Lami ni nzuri na pana vya kutosha wawili kwenda sambamba. Dosari ya kwanza ni vizuizi vilivyowekwa kila njia inapokata barabara ya magari. Vimesogezwa karibu karibu ili gari lisipite, na mwenye mikoba mikubwa pande zote mbili za keria hukwama au kugonga. Punguza mwendo, shuka kama huna uhakika, na kumbuka kwamba kwenye makutano hayo gari ndilo lenye haki ya kupita. Dosari ya pili ni kwamba reli hupenda kunyooka. Kuna vipande virefu vya miti kushoto na miti kulia, na anayetafuta mandhari ya kubadilika kila kona atachoka. Wenye watoto, kwa upande mwingine, hawatapata mahali pazuri kuliko hapa.

Sehemu dhaifu ni mwanzo. Kati ya Dieppe na Arques-la-Bataille, kama kilomita 7, hujafika kwenye tuta la reli na unachanganyika na magari ya mji. Ufaransa huendesha upande wa kulia, na kosa la Mkenya halitokei akiwa tayari barabarani, hutokea anapotoka mahali: dukani, kwenye kituo cha treni, baada ya kupiga picha. Akili hurudi Nairobi na mkono hurudi kushoto. Fuata vibao vyeupe vyenye baiskeli na maandishi ya kijani. Pale Arques kuna magofu ya ngome mlimani. Chini yake ndipo mfalme Henri IV alipopigana mwaka 1589. Kuipanda ni kwa hiari, na ndiyo sehemu pekee ya siku yenye mwinamo wa kweli.

Sasa mpango. Vitabu vya njia hupanga Dieppe hadi Forges siku moja, kisha vinakusukuma mbele kwenda Gournay-en-Bray, kipande ambacho kinaacha tuta la reli na kuingia vilima vya Bray. Usikubali. Weka kambi Neufchâtel-en-Bray, kilomita kama 35 kutoka Dieppe, na ulale hapo usiku mbili. Siku ya kwanza unafika ukiwa na mizigo. Siku ya pili unaiacha chumbani na kwenda Forges na kurudi, kilomita 35 hivi jumla, baiskeli ikiwa nyepesi. Siku ya tatu unateremka kurudi baharini. Siku tatu, kilomita 35 kila moja, na mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa unatosha kumaliza kabla ya chakula cha jioni hata ukisimama njiani kutazama kasri la Mesnières-en-Bray, lililo karibu kabisa na njia.

Mpango huu unasaidia pia kwenye visa. Ombi la Schengen linataka uthibitisho wa malazi ya kila usiku, na safari ya kuendesha hadi utakapochoka haiandikiki kwenye fomu. Hapa una sehemu mbili tu za kuthibitisha, Dieppe na Neufchâtel, pamoja na usiku wa Paris ukihitajika. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000, na ombi hupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, si chini ya siku 15. Anayelenga Juni aanze Februari. Soma pia kama bima hiyo inakubali baiskeli, maana nyingine huiweka kwenye orodha ya michezo ya hatari.

Kwa malazi, tafuta nembo ya Accueil Vélo. Si mapambo. Mwenye nembo hiyo anapaswa kuwa ndani ya kilomita 5 kutoka njia iliyowekwa alama, awe na mahali pa kufungia baiskeli na vifaa vya matengenezo madogo, na aelewe mahitaji ya mgeni anayekuja na matope miguuni. Nembo haisemi lolote kuhusu chakula cha jioni. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu katika miji hii midogo jikoni hufungwa mapema.

Baiskeli: usisafirishe yako. Sanduku, ada ya ndege na hatari ya kupinda derela (kifaa cha kubadilishia gia) havilingani na safari ya kilomita 105. Kodi Dieppe, andika nafasi wiki kadhaa kabla, na uombe baiskeli ya kutembelea yenye keria, tairi za milimita 35 hadi 40, kengele na taa. Kizingiti ni amana. Maduka mengi hushikilia mamia ya euro kwenye kadi, na kadi za kulipia kabla mara nyingi hukataliwa hata zikiwa na pesa. M-Pesa haitakuokoa hapo. Pigia benki yako uiambie unasafiri, na uhakikishe kikomo cha kadi kinazidi amana pamoja na kodi ya siku tatu.

Kabla ya kuondoka dukani, tumia dakika kumi. Shika breki moja moja. Baiskeli nyingi zinazofuata mtindo wa Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia; Ufaransa huwa mkono wa kushoto. Ukibana ya kushoto kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma, utarushwa juu ya usukani. Panda kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma kilomita ya 20 na hakuna dawa itakayosaidia. Bonyeza tairi, kwa mtu wa kilo 75 kwenye tairi la milimita 37, upepo wa baa 4 hivi unafaa. Zungusha gia zote, kubwa hadi ndogo, na usikilize kama cheni inaruka jino. Tazama valvu: ikiwa ni ile nyembamba yenye nati ndogo juu, hakikisha pampu na tyubu ya akiba uliyopewa ni za aina hiyo. Tyubu isiyoingia kwenye tundu la rimu ni mzigo bure. Mwisho ning'iniza mikoba uzungushe pedali kinyumenyume. Kisigino kikigusa mkoba, usogeze nyuma. Mizigo isizidi kilo 10.

Sheria chache zenye faini: hakuna spika za masikioni wakati wa kuendesha, faini yake ni euro 135. Helmeti ni lazima kwa aliye chini ya miaka 12, na busara kwa wengine. Nje ya mji, usiku au ukungu ukishuka, unavaa fulana inayong'aa.

Chakula kinawaangusha watu wengi kuliko pancha. Ukitoka Nairobi, ambako chapati na maharage hupatikana saa yoyote, inakuwa vigumu kuamini kwamba mji mzima unaweza kufunga. Migahawa hutoa chakula cha mchana kati ya saa sita na saa nane. Ukifika saa nane na robo unaangaliwa kwa huruma. Maduka ya mikate nayo hupumzika siku moja kwa wiki, mara nyingi Jumatatu, kwa hiyo usianze safari Jumapili. Anza Jumamosi upite soko la Dieppe asubuhi, au anza Jumanne. Neufchâtel ndiyo nyumbani kwa jibini laini la jina hilo, linalojulikana kwa umbo la moyo na lililolindwa kisheria tangu 1969. Kipande kimoja, mkate na tufaha ni chakula cha mchana kamili kwenye benchi la njiani. Maji ya bure yako makaburini. Msishangae: makaburi ya Kifaransa yana bomba kwa ajili ya maua, na maji mara nyingi huwa salama isipokuwa kuwe na kibao cha *eau non potable*, yaani maji yasiyofaa kunywa.

Hali ya hewa ya Julai inafanana na Julai yetu: nyuzi 20 mchana, wingu, manyunyu. Koti la mvua ni la lazima.

Treni ndiyo inayostahili sifa na lawama kwa pamoja. Kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle unachukua treni ya mjini, RER B, hadi Gare du Nord, kisha RER E hadi Saint-Lazare, halafu treni ya Rouen na nyingine ya Dieppe. Rouen hadi Dieppe ni chini ya saa moja. Saa kwenye tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, na mzoefu wa saa za Kiswahili huteleza hapo: 14:10 ni saa nane na dakika kumi. Kwa kuwa baiskeli umekodi Dieppe, hubebi baiskeli, na hilo linakuepusha na RER, ambayo haikubali baiskeli saa za msongamano siku za kazi.

Mvua ikikushika Forges siku ya pili, stesheni ya Serqueux iko kilomita chache kaskazini, kwenye reli ya Rouen na Amiens; haifiki Neufchâtel ulikoacha mizigo, kwa hiyo ni ya dharura tu. Treni za hapo ni chache, na Jumapili ni chache zaidi, kwa hiyo piga picha ya ratiba asubuhi kabla ya kutoka Neufchâtel. Ukiikosa ya mwisho, una kilomita 17 hivi za kurudi, zikiteremka polepole, na taa ya baiskeli ambayo uliikagua dukani.