Diski tatu kwa miezi kumi na tatu: uzoefu wangu na laptopu hii

Nitaanza na nyota: mbili kati ya tano, moja ya kioo na moja ya kibodi. Kioo kinaonyesha rangi ya hina kama ilivyo mkononi, na kwa kazi yangu hilo si dogo. Diski na huduma kwa wateja sizipi kitu.

Mimi napiga picha za kupamba hapa Lamu. Kwa asiyejua, kupamba ni usiku wa wanawake watupu: bibi harusi ameketishwa juu na hina yake na dhahabu zake, wageni wamevua mabuibui, simu zimekatazwa tangu mlangoni. Mwenye kamera ni mimi peke yangu. Zile picha ni amana kati yangu na mama wa bibi harusi. Hata shangazi wa nyumba hiyohiyo simwonyeshi bila ruhusa. Shikeni hilo, maana ndipo ugomvi wangu na kampuni ulipozaliwa.

Laptopu niliinunua Mombasa, shilingi 68,000, yenye diski ya 1TB ya kuzunguka na waranti ya mwaka mmoja. Mwezi wa tano ikaanza kuwa nzito. Kisha ikatoa tik, tik, tik, halafu kioo kikawa cheusi na maandishi kwamba diski haionekani. Nikapiga simu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zake, ila alikuwa anasoma karatasi: zima, washa, chomoa chaja, subiri. Mara tatu nikamwambia inalia, mara tatu akanijibu nipige Windows upya. Kwenye diski isiyoonekana!

Mwisho wakasema niifikishe kituo chao Mombasa. Kwetu hiyo si safari ya asubuhi na jioni umerudi: ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, kutwa nzima. Nikaifunga kwa leso mbili nikaituma kama parseli. Wiki tatu baadaye ikarudi na diski nyingine, tupu. Nakala za picha nilikuwa nazo nusu tu (hilo kosa langu, silikatai). Nikauliza, na ile ya zamani? "Madam, imerudishwa kiwandani, ndio utaratibu." Kiwanda kipi, inashikwa na nani, inafutwa au haifutwi? Sikupata wa kunijibu.

Na diski iliyokufa si diski tupu. Mara nyingi kinachoharibika ni kichwa cha kusomea. Picha zenyewe ziko palepale juu ya sahani zake, na mwenye vifaa vya kazi hiyo anaweza kuzitoa. Ndani ya ile mlikuwa na harusi nne.

Ya pili ilidumu miezi minne. Safari hii nilishtuka mapema, nikampelekea fundi hapa mtaani Langoni ikiwa bado inajikongoja. Akaifungulia CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika vikawekewa vya akiba, zilikuwa mamia, na saa za kufanya kazi zilikuwa 9,000 na ushei. Piga hesabu: miezi minne bila kuzima hata dakika haifiki saa 3,000. Walinipa diski iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Nikarudi kwenye karatasi ya waranti, na kweli, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, imeandikwa wanaweza kutumia vipuri vilivyokarabatiwa.

Nilipolalamika wakanijibu kwamba tatizo ni mazingira, nakaa karibu na bahari. Basi Lamu nzima tutumie vibao vya chuoni! Chumvi inakula vyuma, hilo tunalijua kuliko wao, lakini kamera yangu ya miaka sita inalala chumba hichohicho. Na kijitabu chao wenyewe kinasema mashine inastahimili unyevu hadi asilimia 90, mradi usifanye matone.

Nikaomba nibaki na diski mbovu. Hapana: laptopu ikifika bila diski, waranti imekufa. Kumbe ipo huduma ya kumruhusu mteja abaki na diski yake, lakini hulipiwa siku ya kununua mashine, na dukani sikuambiwa. Niliwaandikia hata Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Jibu likaja neno kwa neno kama la wiki iliyotangulia. Fundi akanakili alichoweza, kisha akaiandika sufuri usiku kucha hadi ikajaa, ili picha zifutike, ndipo nikaituma.

Ya tatu ilikufa siku kumi na moja baada ya waranti kwisha. Kumbe diski ya kubadilishiwa haina mwaka wake. Hurithi siku zilizobaki za ile ya kwanza. Hapo sikupiga simu tena. Nimeweka SSD ya 480GB kwa shilingi 5,500, haina kinachozunguka, na mashine ni nyepesi kuliko siku niliyoinunua. Picha zote sasa nazifungia kwa nywila ndani ya VeraCrypt, programu ya kufunga mafaili yasisomwe na mwingine, na nakala ziko kwenye diski mbili za nje, moja nyumbani kwangu na moja kwa mamangu kule Shela. Ukiinunua laptopu hii, muulize muuzaji habari ya kubaki na diski kabla hujatoa pesa. Na ikianza kulia tik tik, izime. Kila ukiiwasha unazidi kuikwaruza.

Ile diski ya tatu niliivunja kwa nyundo uani kwetu, mbele ya mama mmoja ambaye harusi ya bintiye wa pili ilikuwa humo. Sahani za diski ndogo hizi nyingi ni kioo, zilipasuka kama gilasi. Akaokota vipande mwenyewe, akavifunga kwenye gazeti. Kisha akaniuliza, "Na ile ya mkubwa wake, mwanangu, iko wapi?"

Harusi ya mkubwa ilikuwa kwenye diski ya kwanza.