Kizuia kutu cha kuoshea boila: kinga nzuri, maelezo mabovu
Tulipoondoa magamba ya chokaa ndani ya boila yetu kwa asidi ya haidrokloriki, tulitia humo kizuia kutu chenye safaktanti, yaani kemikali iliyo ndugu wa sabuni, ambayo molekuli zake hushika uso wa feleji kwa vichwa vyenye chaji chanya huku mikia yake ikiyazuia maji. Kipande cha majaribio kilitoka laini, ilhali kile cha asidi tupu kilitoa viputo vya haidrojeni mfululizo na kubaki na vishimo. Lawama yangu ni kwamba maelezo ya kopo yanahimiza kuongeza dozi, ingawa molekuli zikishaanza kujikusanya zenyewe majini, nyongeza huzidisha povu (nasi tulilifagia hadi jioni) kuliko kinga.